Nani Afunguliwe Maji ya Alhamisi?

Sogeeni, na anayekoroga uji aje na mwiko wake mkononi, maana jambo hili halingoji chungu kichemke. Leo sisimulii ili mtu apate usingizi. Nasimulia nimekasirika, na hasira yangu ni ya mwanamke aliyekula maharage ya dukani miaka saba wakati shamba lake limepakana na mfereji.

Swali lenyewe nawapa mapema, msije mkasema bibi amewazungusha. Kuna zamu moja ya maji, ya Alhamisi. Kuna watoto watatu. Zamu haigawanyiki. Apewe nani?

Sasa wajueni watoto wenyewe. Wote watatu wako kidato cha tatu hapo shuleni bondeni, na wote wako kwenye serikali ya wanafunzi.

Wa kwanza ni Nanzia, waziri wao wa mazingira. Huyu alijaliwa jicho na subira. Tangu mdogo, ukimtuma chumvi anarudi na chumvi, na habari ya watu wangapi walikuwa dukani, nani alitangulia, na nani alijifanya ametangulia.

Wa pili ni Mbonea, mkubwa wa klabu ya kompyuta. Shule ina kompyuta sita, zinazowaka ni mbili. Mbonea alijaliwa kuzungumza na hivyo vyombo. Anaiandikia kompyuta maagizo mstari kwa mstari, kama mama mkwe anavyomwelekeza mkwe mpya jikoni: ukikuta hivi fanya hivi, ukikuta vile fanya vile, na usipojua niulize. Wao wanaita programu.

Wa tatu ni Niwaeli, dada mkuu. Huyu alijaliwa ulimi usiotetemeka. Wazazi wake walifariki yuko darasa la pili, akalelewa na mjomba wake, Mzee Sekiete. Likumbukeni jina hilo la Sekiete. Mimi nikilitaja, kwanza nameza mate.

Huku kwetu Upareni tunamwagilia kwa ndiva, yaani bwawa la udongo walilochimba babu zetu. Usiku linazibwa, lijae. Asubuhi kizibo kinatolewa, maji yanashuka kwenye mifereji, na kila nyumba ina siku yake na saa yake. Hiyo ndiyo zamu. Mtu anaweza kukosa mbuzi, akakosa bati, lakini akiwa na zamu ana jina. Mzee Sekiete alikuwa mwenyekiti wa kamati ya maji, na zamu yake mwenyewe ilikuwa Alhamisi, siku nzima.

Miaka saba iliyopita maji yakaanza kupungua. Unangoja zamu yako na jembe begani, maji yanakuja kama mkojo wa mbuzi. Tukaenda kwa mwenyekiti.

“Mifereji yenu michafu,” akasema. “Wanawake wa siku hizi mnajua simu kuliko jembe.”

Tukasafisha mifereji mara tatu. Tukarudi kwake.

“Basi ni fuko. Wanachimba chini, wanakunywa maji.”

Tukatega fuko. Tukarudi.

“Basi ni Mungu. Tazameni matendo yenu.”

Jamani! Tukafunga, tukaomba, kanisani na msikitini, wajane tukalia tukiungama dhambi ambazo wengine hatuna hata nguvu ya kuzitenda. Naye alikuwa amekaa mbele, ameinamisha kichwa, anaitikia amina kwa sauti kuliko sisi.

Shamba la shule nalo likakauka. Nyie mnajua makande ya kwetu, mahindi na maharage yamelala pamoja. Siku moja wanafunzi wakapewa mahindi matupu. Kijana mmoja akasimama kwenye baraza lao akauliza, “Dada mkuu, haya ni makande au ni mahindi yaliyofiwa?” Wakacheka wote. Niwaeli hakucheka. Akasema, “Maji yanatoka ndivani na hayafiki. Maana yake yanaishia mahali. Tutafute hapo mahali.” Wakaanza hao watatu.

Alichofanya Nanzia ni hiki. Alichonga kijiti, akakitia alama za wino, akawa anapima maji. Alfajiri yuko ndivani kizibo kikitolewa, anaandika saa. Anapita kila kona ya mfereji akiteremka kwenda shule, anachovya kijiti, anaandika kina. Jioni anapandisha tena. Na zile saa ambazo yuko darasani, aliwapa kazi wanawake wenye simu mashambani: yakifika kwako, niangalizie saa. Miezi minne, jua na ukungu. Daftari tatu zikajaa. Akapata kichomi, akalazwa zahanati siku tano, na daftari chini ya mto.

Siku moja Mzee Sekiete akamkuta ameinama kwenye mfereji.

“Shikamoo, babu.”

“Marahaba. We mtoto, unapima maji au unapima kaburi?”

“Napima maji, babu. Kaburi halitiririki.”

Mzee akamwambia mama yake Nanzia amfunge kamba huyo binti, anaanza kuchanganyikiwa. Na mama yake, kwa woga, akamchapa. Nanzia akalia, akapangusa kamasi, kesho yake alfajiri akaenda ndivani.

Alichofanya Mbonea ni hiki. Daftari tatu za namba ni kama gunia la mtama lililomwagika: kila punje ipo, ila hakuna anayeona kitu. Akaziingiza zote kwenye kompyuta, moja moja. Kwenye kinanda chake herufi moja imeng'oka, anaibonyeza kwa kijiti cha kiberiti. Kisha akaandika hayo maagizo yake: chukua saa ya kizibo, chukua saa ya kila kona, pima kina, niambie maji yanapotea wapi na nani anachukua yasiyo yake. Alikuwa amechaguliwa timu ya mpira ya mkoa, beki. Mazoezi yalikuwa saa zilezile za chumba cha kompyuta. Timu ikaondoka bila yeye.

Kompyuta ikatoa jibu. Ikataja mwizi.

Ikanitaja mimi!

Nasema mimi, Bibi Nakijwa, mjane, meno yamebaki kumi na moja. Karatasi ikasema nafungulia maji saa nane za usiku, wakati ndiva imezibwa. Na habari ya namna hiyo haikai shuleni. Kabla ya jioni ilikuwa imepanda mlima. Nikakuta watu kisimani wanavuta ndoo zao mbali na yangu. Nikachukua jembe langu nikateremka shuleni mpaka mlangoni mwa hicho chumba.

“Kompyuta ni nani hapa? Atoke nje!”

Mbonea akatoka. “Shikamoo, bibi. Kompyuta siyo mtu.”

“Basi wewe uliye mtu niambie. Mimi na macho haya, nitembee usiku mpaka ndivani?”

“Imeandikwa saa mbili, bibi. Kila Jumanne, saa mbili.”

“Ndiyo! Saa mbili! Jua liko pale juu ya kilima, watoto wameshaingia darasani. Huo ni usiku wa wapi?”

Kijana akashika kichwa. Akapiga yowe kama aliyekanyaga siafu. Kumbe Nanzia aliandika saa kama sisi sote tunavyohesabu, kuanzia jua likichomoza, na kwenye zamu yangu asiandike asubuhi wala jioni, maana kwake nani asiyejua? Na kompyuta inahesabu kwa kizungu, kuanzia katikati ya usiku. Saa mbili yangu ya asubuhi ikaitwa usiku wa manane, na mimi nikaitwa mwizi.

Kosa la nani hapo? Aliyeandika, au aliyesoma bila kuuliza? Hata hilo watu wanalibishania mpaka leo. Mimi siku hiyo niliwatukana wote wawili, nikawahurumia, nikawaletea ndizi kesho yake. Mbonea akafumua kila kitu akaanza upya. Wiki mbili, macho yamekuwa mekundu kama ya mfua chuma. Na kabla ya kutoa karatasi ya pili akazunguka nyumba kwa nyumba kuuliza: mama, saa hii niliyoandika ndiyo saa yako? Jibu la pili lilikuwa moja, na lilikuwa hilohilo kila siku ya wiki, miezi yote minne: maji yanafika daraja la magogo yakiwa alama tatu za kijiti, yanatoka upande wa pili yakiwa mbili. Alama moja inabaki chini ya daraja.

Na kando ya daraja la magogo kuna migomba ya nani? Mmeshajua.

Alichofanya Niwaeli ni hiki. Karatasi ilikuwepo, imepigwa chapa, ina mchoro unaoeleweka hata kwangu niliyepita nje ya shule nikienda kuchota maji. Lakini karatasi haina mdomo. Nanzia akijaribu kusema mbele za watu anaishiwa pumzi. Mbonea alikuwa na aibu ya kosa lake la kwanza, nani angemsikiliza? Walimu wakasema hayo ni mambo ya kijiji. Wazee tulionong'onezwa, na mimi nikiwemo, tukasema tungojee wakati mzuri. Miaka saba, bado tunangojea wakati mzuri! Hapo nilijikasirikia mwenyewe, na mpaka leo sijajisamehe sawasawa.

Mkutano wa kijiji, Jumamosi. Mwenyekiti yuko mezani. Niwaeli akanyoosha mkono, akasimama na sare yake.

“Niwaeli, kaa chini,” Mzee Sekiete akasema.

“Nitakaa, mjomba, nikimaliza.”

“Haya ni mambo ya watu wazima.”

“Mahindi matupu tunakula watoto, mjomba.”

Akasoma. Kona kwa kona, siku kwa siku, bila kupandisha sauti. Mzee Sekiete akaanza kucheka, “Kompyuta hiyohiyo iliyosema Nakijwa anaruka usiku?” Watu wengine wakacheka naye. Niwaeli akangoja wamalize, akasema, “Ndiyo, hiyohiyo. Ilikosea, ikasahihishwa, na Bibi Nakijwa ameombwa radhi. Mjomba, wewe ulipotuambia ni fuko, uliwahi kutuomba radhi?”

Kicheko kikakatika. Mzee akasimama, mishipa ya shingo imemtoka.

“Nani alikufundisha kusoma wewe?”

“Wewe, mjomba.”

“Nani alikulisha?”

“Wewe, mjomba. Na shangazi, mke wako. Nashukuru.”

“Basi leo usirudi kwangu.”

“Sirudi. Ila kabla sijaondoka naomba twende darajani na majembe.”

Tukaenda. Sikumbuki kama nilitembea au nilibebwa na hasira. Vijana wakachimba chini ya migomba, kina cha goti. Bomba jeusi, nene kama mkono wangu huu. Tukalifuata linavyokwenda, tukapita migomba, tukapita banda la ng'ombe, mpaka nyuma ya ukuta. Mnajua tulikuta nini? Bwawa la samaki! Samaki wanene, wanageuka geuka majini kama mabwana harusi. Wajane tunaungama dhambi, watoto wanakula mahindi matupu, samaki wa Sekiete wanaoga!

Mama Nanzia ndiye alikaa chini kwanza. Akapiga ardhi kwa kiganja, mara moja, akasema, “Nilimchapa mwanangu.”

Bomba tukalikata. Maji ya kila mtu yakarudi kwa mwenyewe. Na desturi ya ndiva yetu ni hii tangu babu: anayeiba maji hupoteza zamu yake, na zamu hiyo hupewa aliyemfichua, yeye na kizazi chake. Ndipo balaa lilipoanza. Kwa sababu babu zetu walisema “aliyemfichua”. Hawakuwaza kwamba mtu mmoja anaweza kufichuliwa na watu watatu.

“Wagawane,” mmoja akasema. Huyo hajawahi kumwagilia. Mashamba yao yako kwenye mifereji mitatu tofauti, na saa nzima ya kwanza maji hunywewa na udongo wa mfereji wenyewe kabla ya kugusa shamba. Ukigawa mara tatu utalowesha mifereji mitatu na hutaotesha kitu. “Basi wapokezane, wiki hii huyu, wiki ijayo yule.” Maharage yanakaa wiki tatu bila maji? Yaulize maharage. “Basi zamu itunzwe na kamati.” Hapo nilisimama. Nikamwambia, mwanangu, kamati ndiyo iliyotutunzia maji miaka saba. Kaa chini kabla sijakurushia kandambili.

Mzee mmoja akaona amepata akili. “Si wana kompyuta? Iamue yenyewe.”

Mbonea akajibu kwa adabu, “Babu, kompyuta haijui haki. Inajua ulichoiambia.”

Nanzia akasema polepole, “Na nani atakayeiambia?”

Watu wakaanza kugawanyika, na maneno yao yana makali.

Wanaomtaka Nanzia wanasema: bila daftari zake kuna nini? Mbonea angeiambia nini kompyuta, Niwaeli angesoma nini? Na nyumba yao iko mkiani kabisa mwa mfereji, ndiyo iliyoumia kuliko zote. Wanaompinga wanasema: kaandika, ndiyo, lakini kaandika saa nusunusu, na namba zake zingekaa daftarini zikaliwa na mende.

Wanaomtaka Mbonea wanasema: wote tuliyaona maji yakipungua, hakuna aliyejua yanapopungulia, yeye ndiye aliyeonyesha pa kuchimba. Akapoteza timu ya mkoa, na baba yake mgonjwa hana hata tone la zamu. Wanaompinga wanasema: kwanza alionyesha mlangoni kwa mjane. Je, bibi angekuwa mpole, asiende na jembe?

Wanaomtaka Niwaeli wanasema: ukweli ulikuwa umelala kwenye karatasi, yeye ndiye aliyeusimamisha, na alilipa kwa nyumba yake. Marehemu baba yake aliacha shamba, limekauka; akipata zamu atakuwa na pa kusimama duniani. Wanaompinga wanasema: alisoma jasho la wenzake. Na wengine, hawa ndio wananichemsha damu, wanasema mtoto aliyemvua nguo aliyemlisha hapewi maji, atatuvua na sisi. Nawauliza, mna nini chini ya migomba yenu?

Na watoto wenyewe? Wangekuwa wa hadithi za zamani wangesema, mpeni mwenzangu. Hawa ni watoto wa kweli, na wana njaa. Nanzia amesema anaitaka, kwa sababu ya mama yake. Mbonea amesema anaitaka, kwa sababu ya baba yake. Niwaeli amesema anaitaka, kwa sababu hana mtu. Walikuwa wakila sahani moja shuleni. Sasa kila mmoja na kona yake, na mahindi yao matupu. Sekiete akipita anawatazama, anatabasamu. Hilo tabasamu, wanangu, ndilo linalonikosesha raha. Tuliibiwa na mtu mzima, tukaokolewa na watoto, na malipo yetu kwao ni kuwagombanisha.

Halafu sikieni walichofanya wazee wenzangu juzi. Walishindwa kuamua. Kisha mmoja akasema, “Bibi Nakijwa alisingiziwa na akasamehe. Yeye ashike kizibo cha Alhamisi. Mfereji atakaoufungulia, huo ndio wenye zamu.” Wote wakaitikia haraka, kama watu waliotua mzigo.

Wakanitwisha mimi! Mimi ambaye Niwaeli analala nyumbani kwangu tangu siku ile, ananichotea maji, ananiita bibi. Mimi niliyeitwa mwizi na programu ya Mbonea, kisha nikaona kijana akipiga magoti kwenye ua wangu kuomba radhi mbele ya watu. Mimi ambaye mama yake Nanzia alinilisha miaka ile niliyougua, na yeye mwenyewe hana. Nikimpa Niwaeli, nimempa wa kwangu. Nikimnyima Mbonea, nimelipiza kisasi. Nikimpa Nanzia, nimelipa fadhila. Popote ninapopeleka mkono kuna mtu atasema, na huenda akasema kweli.

Nimewauliza mashemeji, nimemuuliza mchungaji, nimemuuliza shehe. Kila mmoja ananiambia, “Mungu atakuongoza.” Mungu amekwisha kutuongoza, alituletea watoto watatu wenye akili. Lililobaki ni letu.

Kesho ni Alhamisi. Ndiva imejaa mpaka ukingoni, na ukingo wa udongo haubembelezwi; jua likichomoza lazima kizibo kitoke, ama sivyo bwawa lapasuka tukose wote. Nitasimama pale na mikono yangu hii miwili. Kushoto kwangu mfereji wa kwa kina Nanzia, katikati wa kwa kina Mbonea, kulia unaokwenda shamba la marehemu baba yake Niwaeli. Na wao watatu watakuwa wamesimama ng'ambo, hawasemezani, wananitazama.

Wewe mwenye mwiko, na wewe uliyejificha nyuma ya mlango ukidhani sikuoni, msiniambie “wote wanastahili.” Hilo nalijua, na halifungui mfereji. Nipeni jina moja, na mnipe sababu ambayo nitaweza kuwaambia wale wawili wengine nikiwatazama machoni.

Je, wewe ungemfungulia nani?